Mama aliomba mke wangu "alazwe mahali pema", kesho yake mke akafungasha kwenda Butiama

Wakuu, habari za humu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta nimekosea mnirekebishe kwa upole. Hiki ninachoeleza kilitokea nyumbani kwangu, hapa Musoma. Sitaongeza chumvi, na hiyo chumvi yenyewe mtaona ilivyotusumbua. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika.

Niwatambulishe watu kwanza.

Mimi naziba pancha na kuuza spea za baiskeli mjini. Kwetu ni Kiriba. Mke wangu, tumwite mama Tabitha, ni Mzanaki wa Butiama, kwao ni watu wa ng'ombe. Yeye anauza nguo za watoto za mitumba. Tabitha ni mtoto wetu, yuko chekechea.

Halafu kuna mama yangu. Mjane. Alikuwa anaishi Kiriba peke yake mpaka macho yalipoanza kufunga. Akaanguka kwenye mawe ya ziwani akichota maji, na jirani aliyekuwa anamsaidia alishahamia Kisorya kwa mwanae. Nikaenda kumchukua.

Hapo hakuna aliyenilazimisha, na mke wangu hakukataa. Tena niseme wazi, kitanda ni yeye aliyekitoa. Tuna chumba kimoja na sebule. Alisema, "Mama hawezi kulala chini na magoti yale." Tukamweka mama chumbani, sisi watatu tukawa tunatandika godoro sebuleni. Asubuhi linakunjwa na kusimamishwa nyuma ya kochi.

Mama hakuona hilo. Macho yake wakati ule yalikuwa yanatofautisha mchana na usiku tu.

Sasa tuje kwenye dini.

Mama anasali Jumamosi. Mimi na mke wangu tunasali Jumapili. Mimi nilikuwaga wa Jumamosi, nikahamia Jumapili nilipooa. Mama hajawahi kulisema hilo waziwazi, ila sidhani kama lilimpita hivi hivi.

Jumamosi mama anakaa ametulia, amevaa vizuri, anaimba nyimbo zake polepole. Mke wangu naye Jumamosi ndiyo siku yake ya kufua, na akifua anataka redio.

Jumapili sisi tunavaa kwenda kanisani, mama anachukua jembe anapalilia mchicha pale mlangoni. Anapapasa kwa mkono, analima. Nguvu aliyokuwa nayo Jumapili, siku nyingine sikuionaga.

Kuna siku mke wangu alipika mumi. Mama hali samaki asiye na magamba, ni imani yake toka zamani. Mke wangu akasema alisahau. Mimi nadhani alisahau kweli. Lakini pia nadhani hakujitahidi sana kukumbuka. Mama naye angeweza kusema asante akala mchicha, akaishia hapo. Badala yake alikaa na sahani mapajani mpaka wote tukamaliza.

Hata hivyo, wakuu, hawa watu hawakuwahi kugombana. Mchana ukiwasikiliza:

"Mama, umeamkaje?"

"Salama mwanangu, na wewe?"

"Salama mama."

Basi. Asali na maziwa.

Shida ilikuwa jioni.

Kitu kimoja tulichokuwa tunafanya pamoja wote ni maombi baada ya chakula. Kila mtu anaomba kwa sauti, kwa zamu. Anaanza Tabitha, anafuata mke wangu, anafuata mama, mimi nafunga. Na humo ndimo walimokuwa wanasemana.

Mke wangu anaanza: "Bwana tunakushukuru kwa chakula hiki, na chumvi yake hiyo hiyo ndogo. Wewe unajua daktari alisema nini kuhusu presha ya mama. Tufundishe kuridhika."

Mama anaitikia "Amina", kama mtu anayejibu hodi ya mgeni asiyemtaka.

Zamu yake ikifika: "Mungu wa wajane, Mungu wa wageni. Ulisema mgeni asionewe. Nitazame mimi mgeni wa Musoma. Na uwaguse wanawake wa siku hizi, Bwana, wajue kuwa mafuta ya kula siyo mboga."

Kesho yake mke wangu: "Bwana, umesema tuwaheshimu wazazi. Tunawaheshimu. Lakini Bwana, na wazazi nao uwaguse, waheshimike bila sisi kutumia nguvu."

Hapo mimi nafunga. Nilikuwa naombea vitu vya mbali. Viongozi wa nchi. Wasafiri wa majini na nchi kavu. Wagonjwa walioko mahospitalini. Kitu cha karibu sikukigusa. Kuna watakaosema nilikuwa mwoga, inawezekana. Mimi nilikuwa naona kila ninayemtetea, mwingine ataenda kunishtaki palepale, tena kwa Mungu.

Nilichokuwa nakiogopa ni kitu kimoja. Kwamba siku moja watamaliza kusemana kwa maombi waanze kusemana kweli, na mama arudi Kiriba kwenye nyumba ya peke yake, hajapona macho, na yale mawe yako palepale.

Ikapatikana nafasi ya upasuaji wa jicho Bunda. Tukampeleka. Ilienda vizuri, akarudi na bandeji.

Na hapa nitende haki. Kipindi hicho chote aliyekuwa anamwongoza mama chooni ni mke wangu. Aliyekuwa anampa maji ya kuoga ni mke wangu. Bandeji ilipotoka, aliyekuwa anamdondoshea dawa ya jicho ni yeye. Anamwambia, "Mama tazama juu," tone linaingia mara moja. Jioni wanasemana kwa Mungu, asubuhi anamtia dawa. Sijawahi kuelewa inakuwaje, naeleza tu nilichoona.

Mama akaanza kuona. Siku za mwanzo alikuwa anatazama vitu kimya kimya. Ukuta, kochi, sura ya Tabitha.

Ijumaa yake jioni, mama anaingia Sabato yake, amejifunga kitenge kipya. Tumekula. Tabitha ameomba. Mke wangu ameomba vizuri tu, hakumsema mtu, amemshukuru Mungu kwa jicho la bibi. Nikasema leo tumepona.

Zamu ya mama.

Akakohoa kidogo. Kisha akaomba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nzito, ya taratibu:

"Ee Bwana, tunamleta mbele zako mama Tabitha. Amechoka, Bwana. Kazi yake ameimaliza. Sasa umpumzishe. Umpumzishe kwa amani. Umlaze mahali pema, mahali ambapo hakuna wa kumsumbua tena. Amina."

Aliyeitikia amina ni Tabitha peke yake.

Nikafumbua jicho moja. Mke wangu alikuwa ameshafumbua yote mawili.

Mimi nikafunga kwa kuombea wasafiri. Sikujua kama msafiri wa kesho yake ni mke wangu.

Asubuhi akanifuata nje pale kwenye karo.

"Baba Tabitha, jana ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia ulichosikia wewe."

"Basi vizuri, tuko wawili. Mimi nimezikwa kwenye sebule yangu, nimeshiba, mtoto wangu anaitikia amina."

"Labda hakumaanisha hivyo."

"Kazi yake ameimaliza! Kazi gani? Si ya kumwongoza na kumtia dawa? Sasa jicho limefunguka, mimi wa nini tena?"

Kusema kweli nilikuwa nimewaza hivyo hivyo usiku kucha, na niliona aibu kuwaza hivyo juu ya mama yangu.

Akaendelea kwa sauti ya chini, hakupiga kelele: "Ile ya mgeni kuonewa nilivumilia. Ya mafuta nilivumilia. Sigombani naye, ni mama. Lakini silali chini ya paa moja na mtu anayeniombea kifo. Yeye akiwa humo, mimi niko Butiama. Siku ukimrudisha kwake, nipigie."

Akachukua begi na mtoto, akaenda.

Wakuu, nilikaa kwenye ndoo ya kufulia nikipiga hesabu za kumrudisha mama Kiriba. Nani atamtia dawa. Nani atachota maji. Nilipata majina, nikayafuta yote.

Muda wa dawa ukafika, nikaingia ndani.

Tone la kwanza likaenda shavuni. La pili kwenye sikio.

"Mkono unatetemeka kama wa mwizi," mama akasema. "Muite mama Tabitha, yeye hakosi."

"Ameenda kwao mara moja."

"Bila kuniaga?"

Nikafunika chupa ya dawa. Mama akanitazama. Nilikuwa nimeshasahau kuwa sasa ananiona.

"Magesa." (Si jina langu halisi.) "Kwani nyie mnalalaga wapi?"

"Mama?"

"Nimeuliza mnalala wapi. Nimeona godoro nyuma ya kochi. Toka siku ile waliyonitoa bandeji naliona. Asubuhi linakuwa na joto, nimelishika."

Nikamwambia ukweli. Kwamba tunalala chini toka alipokuja, na kwamba kitanda alikitoa mke wangu.

"Na hamkuniambia."

"Alisema ukijua utakataa."

"Ningekataa ndiyo. Mimi ndiyo maana nikamwombea."

"Mama, ulimwombea nini?"

"Kwani hukusikia? Mtu kalala kwenye saruji miezi yote hii, kila asubuhi anashika kiuno. Nikaomba Mungu ampumzishe. Amlaze mahali pema."

Mniwie radhi wakuu, hapa nilitaka kucheka na kulia, vyote sikuviweza.

"Mama, hayo si maneno ya msiba?"

"Ndiyo ya msiba. Mchungaji akija kuzika anasemaga hivyo, watu wote wanatulia. Mimi Kiswahili changu ni cha kanisani na cha msibani, hiki cha sokoni mnakijua nyie. Nilitafuta maneno mazuri kuliko yote niliyonayo."

"Lakini yule ni mtu mzima, mama, anapumua."

"Sasa kati ya aliyekufa na anayelala kwenye saruji, nani anahitaji mahali pema pa kulala?"

Nikaishia kuitazama ile saruji.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwenyewe tu, mama Tabitha asante. Akachezea pindo la kitenge.

"Nilishindwa kumtazama. Tulikuwa tumeshasemana sana kule kwa Mungu. Nikaona nipitie huko huko, Mungu asikie na yeye asikie."

Kisha akaelewa. Niliona anavyoelewa, maana jicho jipya halijui kuficha.

"Kwa hiyo amesikia nimemzika."

"Ndiyo mama."

"Na ameenda kwa sababu hiyo."

"Ndiyo."

Akasimama. "Nipeleke Butiama."

Sasa hapo kuna mambo mawili inabidi niyaeleze. La kwanza, kwetu mama wa mume haibuki tu ukweni mikono mitupu bila taarifa, ni aibu kubwa. La pili, ilikuwa Jumamosi. Toka nimezaliwa sijawahi kumuona mama akisafiri Jumamosi. Hata baba alipokuwa mgonjwa, alingoja jua lizame ndipo akapanda gari.

"Mama, leo ni Sabato. Twende kesho."

"Magesa, mtu akizikwa yuko hai, unangoja jua lizame?"

Akafunika jicho kwa kanga kuzuia vumbi, tukapanda gari la Butiama. Njia nzima hakuongea. Midomo ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anaomba, ila safari hii kwa Kijita, lugha yetu ya nyumbani.

Tulimkuta baba mkwe nje ya zizi anakagua kwato ya ndama. Mtu wa heshima na utani mwingi. Akanawa mikono, akaleta viti, akatupa pole ya safari. Halafu akasema, uso mkavu kabisa:

"Karibuni sana. Tumesikia huko Musoma mmepata msiba."

Mimi nikainama. Mama hakuinama.

"Upo, mkwe wangu. Kiswahili changu ndiyo kimekufa. Mtu ni mzima."

Mzee alicheka mpaka akashika fimbo ya zizi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, hakucheka.

Mama akaeleza yote. Godoro, saruji, kiuno, mchungaji wa misibani. Mke wangu akanitazama mimi.

"Umemfundisha njiani cha kusema."

Niseme kwa haki, hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo. Maelezo yalikuwa yamenyooka kupita kiasi.

Akamgeukia mama. "Na ile ya 'kazi yake ameimaliza'?"

"Kazi ya kunishika mkono kwenda chooni. Sasa naona, nitaenda mwenyewe. Nilitaka upumzike."

"Na ile ya mgeni anaonewa Musoma?"

"Ile nilikusudia."

"Mafuta siyo mboga?"

"Hiyo nayo nilikusudia. Na uliweka mafuta mengi." Mama akamtazama usoni. "Hii ya jana ndiyo sikukusudia. Mama Tabitha, asante kwa kitanda."

Mke wangu akakaa chini palepale mlangoni, ungo mapajani, akaanza kucheka. Alicheka vibaya, machozi yanatoka, sijui yalikuwa ya kicheko yote au mengine yalikuwa na lao. Sikumuuliza. Nafikiri mama angekana yote matatu, asingeaminiwa. Alivyokubali yale mawili, la tatu likaaminika.

"Na mimi ile ya wazazi waheshimike bila nguvu," mke wangu akasema, "nilikusudia."

"Nilijua," mama akajibu. "Ilikuwa nzuri."

Tukapewa maziwa na ugali wa mtama, jioni tukarudi Musoma wote wanne.

Baada ya chakula, maombi. Tabitha akaomba yake. Mke wangu akasema, "Mama, leo nitangulie wewe."

Mama akataka kuomba kwa Kijita, mke wangu akamkatalia. "Hapana mama. Kiswahili chako hicho hicho."

Tukafumba macho. Mama anatafuta maneno, namsikia anavyoyachagua na kuyaacha.

"Bwana," akasema mwisho. "Mama Tabitha asilale mahali pema."

Nikafumbua tena jicho moja.

"Alale kitandani."

"Amina!" Mke wangu aliitikia kabla mama hajamaliza.

Zamu yangu ilipofika niliombea watu waliokuwa pale sebuleni, kwa majina. Yalikuwa maombi mafupi, sikuyazoea.

Baada ya hapo ukaanza ugomvi mwingine, wa nani alale kitandani. Mama hataki, mke hataki. Mpaka wakaamua kitanda ni kipana, watalala wote, mama, mke na Tabitha. Mimi sikuulizwa. Nilimkumbusha mama kwamba na mimi nalala kwenye saruji, akasema, "Wewe ni mwanangu, chini hakutakuua."

Msije mkafikiri sasa ni malaika. Juzi mama ameomba Mungu awakumbushe watu kwamba mumi bado hajaota magamba. Mke wangu akaomba wenye majembe wapewe pumziko siku ya Jumapili. Ila siku hizi wakishasema amina wanatazamana, na mara nyingine wanacheka. Na mama habari ya Kiriba hajaitaja tena.

Nilichojifunza sina uhakika kama kinatosha kuitwa funzo. Kwanza, ukisikia mtu kakuombea jambo baya, muulize yeye mwenyewe kabla hujapakia begi, hasa kama lugha anayoombea siyo aliyozaliwa nayo. Pili, asante imwendee mtu mwenyewe moja kwa moja. Ikipitia juu inaweza kushuka ikiwa imegeuka. Lakini nawaza pia, bila yale maombi hawa wawili wangekuwa hawaongei kabisa. Kwa hiyo sijui.

Wenye wake, wenye mama wakwe, na hasa nyie mnaosali siku tofauti nyumba moja, kwenu mnaishije? Na kuna mwingine ambaye kwao wanasemana kwa maombi, au ni sisi tu wa Mara?

Andikeni hapa chini, nitasoma zote.

Mimi mwenyewe nipo hapa hapa chini, kwenye godoro.